Nguzo Zako Zimeshika, Baba

Mama mkwe aliinama, akang'oa mche wangu mmoja wa haibiskasi, akaugeuza juu chini, kisha akautumia kukwangua tope kwenye soli ya kiatu chake. Alipomaliza akauchomeka palepale alipoutoa, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kijiko cha watu. Halafu akazigeukia nguzo nne za mlonge nilizosimamisha ili zishikilie kivuli cha hiyo miche. Nguzo zilikuwa zimechipua kuanzia kiunoni hadi utosini.

"Nguzo zako zimeshika vizuri, baba," akasema. "Hongera sana. Na hivi vijiti ni vya nini?"

Nikamjibu kwamba ni alama za mahali nitakapopanda maua.

Hili lilitokea Jumamosi iliyopita, na mke wangu bado hawezi kukaa na mimi mezani bila mabega kumtikisika. Zamani ningepata muda wa kujipanga. Mtu akitoka Sengerema kuja Mwanza mjini alisubiri kivuko, kivuko nacho kikasubiri malori, na habari za ujio wa mkwe zilitangulia kabla yake. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu za zege juu ya Ghuba ya Mwanza. Mama mkwe anavuka ukiwa bado kitandani, na anashuka kwenye bodaboda mlangoni kwako kabla hujang'oa vijiti vilivyokufa.

Na vilikuwa vimekufa. Hilo nalijua, maana nimesoma habari zake kuliko mtu yeyote hapa mtaani, na ndiyo sababu inaniuma. Kuotesha kijiti cha ua ni jambo la ajabu. Jaribu kukata kidole chako ukichomeke mchangani, uone kama kitaota mtu. Lakini tawi la haibiskasi, likikatwa na kutengwa na mama yake, linaweza kukaa likatafakari na kuamua kuwa mti mzima.

Shida ni kwamba linatafakari huku linakauka. Majani yanaendelea kutoa maji nje kupitia vitundu vyake visivyoonekana kwa macho, kazi ya kila siku, hayajapata habari kwamba huko chini mizizi haipo tena. Hapo mashindano yameanza: mzizi utoke kabla tawi halijaishiwa. Ndiyo maana wanaojua hukata asubuhi, tawi likiwa limeshiba maji ya usiku. Huchagua lile ambalo si laini la kuinama wala si gumu la kuni. Huondoa maua na vitumba vyote, kwa sababu ua ni mgeni anayekula akiba. Huacha majani mawili matatu juu, nayo huyakata nusu. Kule chini hupitisha kisu kikali, chini kidogo ya kifundo.

Kwenye jeraha hujengeka kovu jeupe, laini, la vinundu vinundu. Ndani ya tawi, karibu na mishipa ya kupitishia maji, chembe ambazo tangu kuzaliwa zilikuwa shina hubadili kazi na kuanza kuwa mzizi. Anayezibadilisha ni homoni iitwayo auksini. Hutengenezwa juu, kwenye ncha na majani machanga, kisha husafiri kushuka. Ikifika kwenye mkato hukuta barabara imekwisha, hurundikana, na mrundikano huo ndio amri: hapa toeni mizizi. Safari yake ni ya kushuka tu. Mwaka 1878 Mjerumani Hermann Vöchting alining'iniza vipande vya matawi kichwa chini, na bado mizizi ikapendelea kutokea upande ule uliokuwa wa chini mtini. Kijiti hakisahau kilikokuwa.

Habari za homoni hii zilinikosesha usingizi. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika jinsi walivyovivisha vikofia vichipukizi vya nyasi kwenye ncha, vikaacha kuinamia mwanga. Wakaona kwamba kuna kitu kinatumwa kutoka juu. Mwaka 1926 kijana wa Kiholanzi, Frits Went, alikata ncha za vichipukizi vya oti, akaziweka juu ya vipande vya agari, kisha akavipandisha vipande hivyo juu ya mashina yasiyo na vichwa. Mashina yakapinda, vichwa hayana. Mwaka 1934 kundi la Fritz Kögl, huko Utrecht, likaitambua mojawapo ya auksini, likiwa limeichuja kutoka kwenye mkojo wa binadamu.

Mkojo. Sitaeleza nilifanya nini na taarifa hiyo. Itoshe kusema kwamba haibiskasi ya kona ya kushoto ilitangulia mbele ya haki kabla ya wenzake, na kwamba jirani ana dirisha upande huo.

Sasa njoo kwenye unyevu. Kijiti kisicho na mizizi hukaa salama kikiwa ndani ya hewa yenye unyevu, ili majani yasipoteze maji. Vitabu vinasema kifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania, marufuku ninayoiunga mkono kwa moyo wote, isipokuwa ninapokuwa na haibiskasi mkononi. Nilikwenda sokoni nikamnong'oneza muuza nyanya kama anayo rambo hata moja, ya zamani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza mimi ni wa ofisi gani. Nilipomweleza kwamba nataka kumfunika mgonjwa wangu ambaye ni ua, alimwita mwenzake wa vitunguu aje asikie mwenyewe. Niliondoka na nyanya ambazo sikuzihitaji, zikiwa kwenye mfuko wa karatasi.

Mengine ni madogo. Chupa za maji nilizozikata nikavifunikia vijiti zilibebwa alfajiri na waokota chupa, vijiti vikaachwa kwa heshima zote. Mchanga safi wa ziwani, ambao muuzaji aliapa haujaguswa na mtu, ulikuwa umeanikiwa dagaa, na paka wa mtaa mzima walifanya kikao ndani yake. Bogenvilia ilinichoma, kuku wakaimaliza. Mwanangu wa mwisho alikuwa aking'oa kila kijiti asubuhi kuangalia kama mzizi umetoka, kisha anakirudisha na kuniletea ripoti.

Ninachoshindwa kukubali ni jinsi vitu vingine vinavyoota bila kuombwa. Mlonge wangu haukukatwa asubuhi, haukupunguzwa majani, haukufunikwa. Fundi aliukata kwa panga saa saba mchana, akaushindilia kwa jiwe, akadai hela yake. Lakini ule ulikuwa na unene wa mkono wa mtu mzima, umebeba chakula na maji ya kutosha kukaa muda mrefu bila mizizi, wakati kijiti cha ua kinaingia ardhini na akiba ya siku chache tu. Aliyeanza na mtaji ameshika. Nenda Magu, nenda Kwimba, utaona miji iliyozungushiwa minyaa, na kila mnyaa ni kipande kilichochomekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwa ng'ombe. Mtazame bibi wa Kisukuma akipanda marando ya viazi: anayafukia tutani huku akiongea na mtu wa shamba la pili, hata hayatazami. Yote hushika. Michembe ya mwaka mzima, viazi hivyo vikishakaushwa, inatokana na dharau hiyo.

Ziwani ndiyo usiseme. Gugu maji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, asili yake Amerika Kusini. Linatoa kikonyo kinachotambaa juu ya maji, mwisho wa kikonyo kuna mmea mpya. Kikikatika, mmea unaondoka na upepo kwenda kuanza maisha. Miaka ya 1990 waliletwa fukusi maalumu wa kulitafuna, tena kwa kazi rasmi, na bado lipo. Hakuna aliyewahi kulifunika gugu maji kwa rambo.

Mtaani kwetu wanalo jibu la haya yote. "Kaka, wewe huna mkono," ndivyo wanavyoniambia, kwa huruma ya kumwambia mtu kwamba hana kizazi. Mwenye mkono yupo, ni mama mmoja wa nyumba ya chini, karibu na barabara. Kwake haibiskasi nyekundu zimepita ukuta, bogenvilia imepanda hadi kwenye dishi, na kando ya mlango kuna makopo ya rangi yaliyojaa miche ambayo hata yeye hajui ataipeleka wapi. Nilikwenda kumwomba vijiti. Akaniambia kijiti cha kuombwa hakioti, cha kuiba ndicho kinachoshika. Basi yeye anaingia ndani na kufunga mlango ili niibe. Nikaiba. Nilikuwa katikati ya wizi dirisha likafunguliwa.

"Hilo limekomaa mno, mwanangu. Iba lile la upande wa pili."

Na akaongeza sharti la mwisho: nisiseme asante, mche unaoshukuriwa unakufa.

Vilikufa hata hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuichunguza mikono mizuri ya mtaa wetu, mmoja baada ya mwingine, na nikagundua kwamba yote ina simtanki. Wa juu kwenye mawe, sisi tunaoliona ziwa lote kuanzia dirisha la jikoni, hatuna mikono. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji yake yanavutwa kutoka Ihelele, kule Misungwi, yanafika Kahama na Shinyanga, na baadaye yamefika mpaka Tabora. Sina ugomvi na watu wa Tabora, nao wana miche yao. Lakini hapa mlimani bomba linakohoa usiku wa manane, linatoa upepo, linatoa kutu, linatoa vikombe vichache vya maji kisha linanyamaza, na asubuhi nachagua kati ya uji wa watoto na haibiskasi. Kijiti kisicho na mizizi hakijui mgao. Ukikinyima maji mchana mmoja wa jua kali la Mwanza, mwamba ukiwa umepata moto pande zote, umekimaliza. Halafu anapita mtu, anatikisa kichwa, anasema ni mkono.

Nikafikiri nimemaliza uchunguzi. Lakini simtanki halimwagilii maua, nalo lina siku zake za kukauka. Wiki moja maji yalikatika hata kule chini, na miche ya yule mama haikusinyaa jani. Nikamwona binti wake wa kazi akipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo. Akaitua, akachota kwa kikombe, akapita kwenye makopo yote, kila mche chini na juu ya majani. Akarudi jioni, akarudia.

Nilimuuliza siri yake. Alidhani namtania.

"Namwagia tu maji, kaka. Na yale ya kuoshea mchele." Akafikiri kidogo. "Na lile kopo la bluu nililihamishia kivulini, kule kwenye jua lilikuwa linaungua."

"Nani alikata hivi vijiti?"

"Mimi. Mama hapendi kushika udongo, una wadudu."

Kwa hiyo ule mkono maarufu, mkono ambao watu huutaja hadi misibani, ni wa msichana anayelala chumba cha stoo na mifuko ya mkaa, na mshahara wake, kwa alivyoniambia, unalipwa mama akikumbuka. Nilipita mtaa mzima kwa jicho hilo jipya. Nyumba baada ya nyumba, nyuma ya kila mkono mzuri palikuwa na mtu mwenye ndoo ambaye hajawahi kupewa hongera. Nikamwambia mama, kwa uangalifu, kwamba binti yake ana mkono mzuri sana wa kuotesha.

"Nani, huyu?" Akacheka kwa dhati. "Huyu hata chai inamshinda."

Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema na alikuwa amesikia habari za mama mkwe (mtaa mzima umesikia habari za mama mkwe), akainua kopo moja, haibiskasi ya waridi, imeshika, ina kitumba tayari. Akaniwekea mikononi.

"Chukua, mwanangu. Nimeuotesha mwenyewe. Na asante usiseme, unajua masharti."

Nikasema asante. Nikaisema kwa sauti ya kufika jikoni, nikairudia mara ya pili ili ieleweke inakwenda kwa nani. Mche ukifa, na ufe.