Dhamana ya Breki Huishia Getini
Dhamana ya breki mjini Moshi ni ya aina mbili. Ya kwanza hugongwa muhuri nyuma ya risiti: miezi mitatu, spea tu, ufundi hauhusiki. Yaani pedi zikilika mapema utapewa nyingine, ila kuzifunga ulipie upya. Ya pili ni ya mdomo wa fundi, nayo ndiyo tamu: “Usiwe na wasi, kaka, mimi nipo hapa hapa.” Kweli yupo hapa hapa. Wewe ndiye uliye kwenye mteremko wa Kilema kuelekea Himo, pedeli inazama hadi chini kwa sababu upepo haukutolewa vizuri.

Ukirudi unahojiwa. Ulibeba ndizi? Basi umezidisha mzigo. Ulishuka mlima? Hayo si matumizi ya kawaida. Kilema yote ni mlima, jamani!

Sheria ya Ushindani ya 2003 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi. Ukiitaja, fundi anafuta mikono kwa tambara taratibu, anauliza pedi alinunua nani. Ulinunua wewe, duka alilokuelekeza yeye. Basi, anasema, kadai dukani. Halafu anaomba hela ya soda.