Mtoto Mwenye Adabu kwa Hatua Sita

Mzazi wa Kilindoni, babu wa Jibondo, mwalimu popote ulipo kisiwani Mafia: kama unataka mtoto mstaarabu, anayejitawala pale tu utakapomruhusu, fuata hatua hizi.

Kwanza, salamu. Mtoto atoe shikamoo hata ukimpita na simu sikioni. Wewe kuitikia marahaba si lazima. Adabu ni deni la mdogo, mkubwa hadaiwi.

Pili, viranja. Wateue kwanza, kisha itisha kura. Kaka mkuu awe yule mrefu kuliko wote, na kazi yake iwe kuandika majina ya wapiga kelele. Darasa litaelewa mapema kwamba serikali ni daftari la majina.

Tatu, fimbo. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Mwenzangu, tia sita. Kitabu kitatafutwa kesho. Huyo aliyechapwa kwa kuvunja sheria atakuwa ameona jinsi sheria inavyovunjwa na wataalamu.

Nne, maoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusema na kusikilizwa. Basi muulize kama angependa kwenda kuishi kwa shangazi yake ng'ambo. Muulize mkiwa gatini, begi lake likiwa limeshapakiwa kwenye boti ya Nyamisati.

Tano, bahari. Mweleze kwamba tangu 1995 tuna Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, na kwamba samaki wadogo huachwa wakue ili na yeye aje avue. Mweleze taratibu, jamvini, huku ukimtolea miiba changu wa urefu wa kidole.

Sita, mkutano mkuu wa kijiji. Huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Usiende. Kaa barazani ucheze bao, umlaani mwenyekiti kwa mapato na matumizi ambayo hukwenda kuyasikia. Mtoto anayekuokotea kete zilizoanguka asikie kila neno. Hilo ndilo somo la uraia na maadili, halina hata haja ya kitabu.

Tahadhari moja. Jioni maji yakijaa, pita ufukweni Chole. Utakuta watoto wanne ndani ya ngalawa kuukuu, mkubwa hakuna. Mmoja kashika usukani, mmoja kashika demani, wa tatu anafua maji kwa kopo la rangi, wa nne anangoja zamu. Wa usukani akichoka, anampisha mwenzake bila kuombwa. Wa kopo akizembea, wote wanalowa, basi wanamkumbusha, na anafua. Hakuna kiranja, hakuna daftari, na chombo kinakwenda.

Wakemee upesi, kabla hawajazoea.