Jinsi ya Kusoma na Wakubwa Zako na Kulipwa Krediti 3

Ndugu mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uliyevuka bahari ukafika chuo cha Marekani na bado hukutosheka, mwongozo huu ni wako. Umeingizwa kwenye programu ya onazi, ile ya wanafunzi walioteuliwa kwa alama za juu, na umeambiwa kwamba ili utoke na heshima hiyo lazima ukusanye krediti za onazi. Njia nyepesi zipo. Vyuo vingi vina madarasa madogo ya onazi, yenye wanafunzi wachache, profesa mchangamfu na pengine ziara ya makumbusho. Vingine hukuruhusu kuandikiana mkataba na profesa wa kozi ya kawaida: unaongeza makala moja, mambo yamekwisha. Lakini wewe ulisoma kanuni mpaka mstari wa mwisho, ukakuta kwamba hata kozi ya uzamili inahesabiwa. Shetani hana haja ya kukutafuta. Umemfuata mwenyewe ofisini kwake.

Ukitaka wa kumlaumu, mlaumu Frank Aydelotte. Bwana huyu alisoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akarudi Marekani, akawa mkuu wa chuo cha Swarthmore. Mwaka 1922 alianzisha mpango wa onazi ambao wanafunzi wake husoma kwa semina ndogo, kisha hupimwa na watahini kutoka nje ya chuo. Sisi tuliletewa mambo ya Waingereza kwa mlango mwingine: chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na madaraja ya kwanza na ya pili tunayohesabiana mpaka leo kwenye mahafali yana asili hukohuko. Tofauti ni kwamba kwetu daraja hukujia mwishoni, alama zikishajumlishwa. Marekani unajiunga nalo mapema kama unavyojiunga na kikoba, na michango yake haina utani.

Sasa tuanze kazi. Kwanza jifunze kusoma namba za kozi, maana kila chuo kina hesabu zake. Berkeley, kozi za uzamili huanzia 200. Chuo Kikuu cha Minnesota, zenye 8000 ni za wakubwa peke yao, ila zenye 5000 ni za wote, wa shahada ya kwanza na wa uzamili. Mwenye akili anachukua ya 5000, anajiita msomi wa uzamili mbele za watu, na anafanya kazi za shahada ya kwanza. Mwenye sifa anachukua ya 8000. Najua wewe ni yupi, tusipotezeane muda.

Pili, mwandikie profesa barua pepe kuomba ruhusa. Iwe fupi. Usieleze historia ya familia wala ndoto zako za kuikomboa Afrika. Taja kozi mbili tatu ulizosoma zinazohusiana na hiyo, useme umesoma makala yake fulani, na uwe umeisoma kweli, kwa sababu atakuuliza. Profesa mwenyewe atakubali haraka kuliko unavyodhani. Maprofesa wanapenda kijana anayejitafutia matatizo. Atakayekusumbua ni mfumo wa kompyuta wa msajili, ambao unajua jambo moja tu: wewe si mwanafunzi wa uzamili. Utahitaji idhini ya idara, sahihi ya mshauri wako wa masomo na subira ya mtu anayefuatilia hati ya kiwanja.

Siku ya kwanza utakuta meza ndefu na watu kumi hivi. Hakuna mhadhara. Profesa anauliza, "Haya, mmekionaje kitabu?" Kisha ananyamaza. Huku hakuna madesa ya kaka zako wa mwaka jana, na kupiga msuli usiku mmoja kabla ya mtihani hakutakusaidia kwa sababu mtihani wenyewe haupo. Kilichopo ni kitabu kizima kila wiki, kwa muhula wa wiki 15, na makala ya kurasa 20 na ushei mwishoni.

Usiogope sana. Nitakuambia siri ambayo wanauzamili wataapa kuikana: na wao hawajamaliza kitabu. Wamesoma utangulizi, hitimisho na sura moja ya katikati, ile ambayo hakuna anayeitarajia. Fanya hivyo hivyo. Usiseme "sikuelewa." Sema "nina wasiwasi na namna mwandishi anavyoijenga hoja yake hapa." Maana haijabadilika, ila hii ya pili wenzako wataiandika kwenye daftari. Wiki ya tatu au ya nne utaletewa Foucault, ambaye hutamkwa Fuko, na kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu magereza. Kinaeleza jinsi mfungwa asiyejua kama anatazamwa au la anavyoishia kujichunga mwenyewe. Keti kwenye hiyo semina wiki tatu na utakielewa bila kukifungua.

Kuna jaribu jingine ambalo Wamarekani hawalioni kabisa. Profesa mwenye mvi, mwenye vitabu vinne, atasema umwite Bob. Wanauzamili watamwita Bob. Wewe uliyelelewa kumwamkia shikamoo hata kondakta mzee utajikuta muhula mzima unamwita "samahani." Suluhisho lipo na ni letu: Profesa Bob. Tumewaita watu Mwalimu Juma na Daktari Asha miaka yote na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Nyumbani jieleze kwa uangalifu. Ukimwambia mama kwenye WhatsApp kwamba mwaka huu unasoma kozi ya uzamili, jioni shangazi atakuwa ameshatangaza ukumbini kwamba unachukua udaktari, na asubuhi mjomba atakuuliza kuhusu presha yake.

Wa hisabati siwasemi. Kwao kozi ya uzamili si mbwembwe, ni njia ya kawaida kwa aliyemaliza za chini mapema. Hao wana vitabu vya Walter Rudin walivyovipa majina ya ukoo: Rudin Mtoto, Rudin Baba na Rudin Babu. Mtu aliyefika kwa Babu akiwa na miaka 20 hahitaji ushauri wangu.

Nyinyi wengine, pigeni hesabu hii kabla ya kujisifu. Mwanauzamili anayekaa mkabala nawe kwa kawaida ana krediti 9 tu, yaani kozi tatu, na ndiyo kazi yake. Wewe una 15, yaani kozi tano, na zamu za maktaba. Tena mwenye viza ya F-1 anayesoma shahada ya kwanza haruhusiwi kushuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukijiandikisha 12 kamili, wiki ya sita ukaona maji yamefika shingoni, hakuna kozi ya kuacha. Jiandikishe 15 ili uwe na mlango wa kutokea.

Kuhusu alama, habari ni nzuri na mbaya. Nzuri ni kwamba uzamili hauna ubahili wa A, kwa kuwa wanafunzi wake hutakiwa kubaki na wastani usiopungua 3.0. Mbaya ni kwamba kwa sababu hiyohiyo B huko ni pole, na C ni rambirambi.

Je, kuna faida? Ipo moja, na mimi naiona inatosha: barua ya mapendekezo. Profesa aliyekusikia ukibishana na watu wa uzamivu ana la kuandika juu yako. Yule wa ukumbi wa watu 300 atanakili alama zako tu. Usitegemee zaidi ya hapo. Krediti uliyoitumia kwenye shahada ya kwanza kwa kawaida haihesabiwi tena kwenye uzamili, isipokuwa kwa walio kwenye mipango maalumu inayounganisha shahada mbili.

La mwisho, na usilisahau: vyuo vingine havikuhesabii kozi hiyo kuwa ya onazi mpaka ujaze fomu, na fomu ina tarehe. Nenda ofisi ya onazi leo, uliza tarehe hiyo, rudi na fomu iliyosainiwa. Ukichelewa, kozi itaingia kama ya kawaida na Foucault utakuwa umemsoma bure.