Droni, Foleni na Shata Iliyoachwa Wazi

Upigaji wa picha za usiku kwa droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani inayoongozwa kwa rimoti kutoka chini, hutegemea sharti moja ambalo kila anayeingia katika kazi hiyo huliona jepesi mpaka siku ya kulitimiza: kamera itulie tuli huku shata, ambayo ni mlango wake wa kupitishia mwanga, ikiwa wazi kwa sekunde kadhaa. Mchana shata hufunguka na kufunga ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Usiku, kwa kuwa mwanga ni haba, huachwa wazi sekunde 2, 4 au hata 8, na katika muda huo kila taa inayosogea huchora njia yake pichani. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 67 katika sekunde 4, na ndiyo maana taa zake hutokea kama utepe mmoja mrefu. Nadharia hiyo haina kasoro, ila inaelekea iliandikwa na mtu ambaye hajapata kusimama Coco Beach, Dar es Salaam, saa 12 na nusu jioni, akiielekeza droni yake kwenye Daraja la Tanzanite.

Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu wa kilomita 1 na ushei, limepita juu ya maji ya bahari kwa namna inayomfanya mpigapicha aamini kuwa wahandisi walimfikiria yeye. Wakati unaopendwa kulipigia picha ni ule ambao jua limeshazama, taa zimewaka, na anga bado lina ubuluu. Na kwa kuwa karibu na Ikweta giza huingia upesi, wakati huo hauzidi sana dakika 20. Dakika hizo hizo ndizo ambazo wafanyakazi wa katikati ya jiji hurejea makwao, na foleni ikishafunga, gari lililotarajiwa kuchora utepe wa mita 67 huchora nukta. Mpigapicha huambulia picha ya sekunde 8 isiyo na tofauti na picha ya kawaida, na dereva aliye darajani, ambaye naye angefurahi kwenda kilomita 60 kwa saa, hana msaada wa kumpa.

Upepo nao haukubali kuachwa nyuma. Droni hujishikilia angani kwa kusoma satelaiti za GPS na kwa kamera ndogo za tumboni zinazotazama ardhi. Gizani kamera hizo hupofuka, na GPS peke yake huiruhusu droni kuyumba kiasi cha mita 1 na nusu huku au kule. Gimbali, mtambo wa mota ndogo unaoishika kamera isiiname, husahihisha mwinamo tu, wala haiwezi kuirudisha mahali pake droni iliyokwisha kusukumwa na kusi. Hapo kila taa ya barabarani huota mkia, mikia yote ikaelekea upande mmoja, na mwenye picha baadaye hueleza kwamba huo ni mtindo.

Hata hivyo, wanaostahili sura nzima katika somo hili ni watu. Droni huvuma, humetameta kwa taa nyekundu na kijani, na hupaa wima gizani, tena katika pwani ambako habari za wanaosafiri kwa ungo usiku hazijachakaa. Muuza mihogo huinua macho na kuisahau mihogo yake jikoni. Watoto huuliza kama chombo hicho kinaiona Magomeni. Mzee mmoja husogea kando akisoma dua kimyakimya. Na mlinzi wa jengo la jirani hudai kuona kibali (ambacho kweli kinatakiwa kisheria, hoja anayoifahamu vizuri kuliko wapigapicha wengi). Haya yote hutukia wakati betri, ambayo kwa droni nyingi hudumu nusu saa hivi, imebaki asilimia 25 na rimoti imeanza kulia. Hakosekani mtu wa kuuliza bei, na asipojibiwa hudhani hakusikika, akaongeza sauti.

Uhariri, yaani kuirekebisha picha kwa kompyuta, huanza na chenga, zile nukta nukta zinazotapakaa penye giza kwa sababu kitambuzi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo na kimelazimishwa kuona kuliko uwezo wake. Dawa yake ni kupiga picha kadhaa mfululizo, kuzilaza moja juu ya nyingine, kisha kuiachia programu ichague thamani ya kati kwa kila nukta, ili chenga zisizorudia mahali pamoja zifutike. Balaa ni kwamba programu haitofautishi chenga na Toyota. Chochote kisichotulia hufutwa, na kama foleni ilikuwa imeachia kidogo, Daraja la Tanzanite hutokea saa 1 usiku likiwa tupu kabisa, picha ambayo mkazi yeyote wa Dar es Salaam ataikataa kuwa ni ya uongo. Mhariri akiiamuru programu ichague nukta angavu zaidi badala ya zile za kati, tepe za taa hurudi, na chenga nazo hurudi zikiwa zimeneemeka. Ndipo wengi hukimbilia kuongeza rangi mpaka Bahari ya Hindi ikawa zambarau.

Anayetaka picha hiyo bila mateso haya na aende alfajiri ya Jumapili, ambapo upepo kwa kawaida ni mdogo, magari machache yaliyopo yanakwenda kasi, na muuza mihogo bado amelala. Kibali asikiache nyumbani, kwa kuwa mlinzi, kwa sababu ambazo hazijaelezeka, saa hiyo huwa macho.