Jinsi ya Kurudia Mwaka wa Kwanza kwa Heshima

Mdogo wangu wa Lusangi, karibu. Diploma ya Serikali unayo, baba ameuza mpunga, pikipiki inangoja. Kabla hujafika Chuo Kikuu cha Kindu, nikupe siri ambazo wakubwa wako hawatakupa, maana wangali wanazitumia.

1. Chukua cheo, masomo yatafuata. Jiandikishe sheria, na jioni hiyohiyo kijiji kitakuita "metre", yaani wakili. Usikatae, utawavunja moyo wazee. Wakikuletea kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, kunja uso, sema faili hilo linataka muda.

2. Ukifika Alunguli, kabla ya kuvuka mto Lualaba kwa mtumbwi kuingia mjini, vaa shati jeupe. Gunia la mchele mpe mwingine abebe, ila usimpoteze machoni. Gunia hilo ndilo litakalokupa marafiki, nao watadumu kadiri litakavyodumu.

3. Viti vya darasani havitoshi. Wajinga huamka alfajiri wakaweke daftari juu ya kiti. Wewe njoo mwalimu akiwa ameshaanza, usimame dirishani. Anayesimama dirishani huonekana ana kiu ya elimu. Tena yuko karibu na njia.

4. Sasa silabusi, yale maandishi ya somo tunayouziwa, na hapa tulia unisikilize vizuri. Inunue mapema, jina lako liingie kwenye orodha ya walionunua. Orodha hiyo ina kazi zake. Mimi sikusema kitu. Ukishainunua usiifungue, itachakaa, na iliyochakaa haiuziki kwa mgeni wa mwaka ujao. Ibebe kwapani, jina la somo likitazama nje, upite polepole mbele ya wasichana wa ualimu. Huna pesa? Toa fotokopi ya jalada peke yake, ndani utie karatasi za kaka yako. Hakuna mwenzako atakayefunua. Na wao wana majalada.

5. Mtihani haupendi karatasi nyeupe. Swali lolote, anza na Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Ni kweli tupu. Mwalimu gani ataipigia mstari mwekundu? Kisha andika kwa herufi kubwa mpaka ukurasa ujae. Unatafuta kumi juu ya ishirini, hukuja kuvunja rekodi.

6. Umeanguka? Hongera, umezaliwa wakati mzuri. Wakubwa wetu wa mfumo wa zamani wa graduat walikuwa "wanadubla", yaani wanarudia mwaka mzima, na habari ilifika soko la Kasongo kabla yao. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tuko katika mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat): mwaka una krediti 60, na aliyekosa chache hupanda darasa akiwa na deni lake. Kwa hiyo usimwambie baba kwamba umeanguka. Mwambie kwa sauti ya mtu aliyechoka na kusoma: "Baba, nimebaki na krediti kidogo huku chuoni." Yeye anajua krediti moja tu, ile ya dukani, na hawezi kuvumilia mtoto wake adaiwe katika mji wa watu. Atauza kuku, na wakizidi kuwa haba atagusa mbuzi.

Pesa ikiingia kwenye simu, usichelewe kumpigia. Mshukuru sana, muulizie mama na bibi, mwombee afya. Kisha, kabla hajakata, mkumbushe kwamba hizo zilikuwa za muhula wa kwanza.