Yah: Maombi ya Kuruhusiwa Kuruka Bila Kuvuja

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tiba
(jina la chama nalihifadhi, mwenyewe utajijua).

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze kwa pongezi. Fomu yenu ya uchunguzi wa afya ya mchezaji, ile tunayoijaza kila msimu kwa nakala tatu, imekamilika kila idara. Inauliza goti, kifundo cha mguu, bega, meno, pumu na kifafa, na kwenye kipengele cha mwisho inauliza kama mchezaji ana tatizo lolote la korodani. Wasichana wangu wote wa netiboli wamejibu "hapana". Kwa upande wa korodani, Mwenyekiti, timu iko salama.

Kibofu cha mkojo hakikuulizwa. Ukimya huo nimeuchukulia kuwa ni sera, na naomba niitetee sera hiyo kwa uwezo wangu wote.

Kwanza, ni sera nafuu. Nina mlinzi wa goli, binti wa miaka 19, hajazaa. Amejianzishia hospitali yake mwenyewe. Siku ya mechi anaacha kunywa maji tangu saa nne asubuhi, na mechi ni saa kumi jioni, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Chooni anakwenda na kurudi mpaka filimbi inapopulizwa. Chini ya sketi kuna pedi, juu ya pedi kuna bukta nyeusi, na juu ya bukta nyeusi kuna bukta nyingine nyeusi. Mwisho wa robo ya pili akiinama na kushika magoti kwa kizunguzungu cha kiu, daktari wenu wa zamu humkimbilia na barafu. Barafu tunaishukuru. Goti lake ni zima.

Kuna jioni nilimfokea kwa nini mpira unaogonga ringi na kurudi anausindikiza kwa macho tu. Akajibu huku akiangalia viatu vyake: "Kocha, nikiruka naharibu."

Naomba nieleze kinachoharibika, kwa lugha inayofaa kuingia kwenye faili. Chini kabisa ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa, na ndiyo inayobana njia ya mkojo presha ya tumbo inapopanda. Kukohoa huipandisha presha hiyo. Kunyanyua vyuma huipandisha. Kuruka na kutua ndiyo usiseme, na netiboli ni mchezo ambao mtu akidaka mpira hewani, sheria inamtaka atue na asimame. Akipiga hatua za ziada, filimbi. Mwili ulikuwa unakwenda mbele kwa kasi, miguu imeamriwa isimame, na kishindo chote hicho kinapokelewa na nyonga. Misuli ikichelewa kubana, au ikiwa imechoka robo ya nne, mkojo unaponyoka. Sheria ya kutua inasimamiwa na waamuzi wawili. Matokeo yake hayasimamiwi na mtu.

Najua jibu lenu: hayo ni mambo ya kina mama waliokwisha kuzaa. Kuzaa kweli huongeza hatari. Lakini mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wanamichezo 144 wa vyuo, wasichana ambao hawajawahi kuzaa. Asilimia 28 walisema wamewahi kuvuja wakiwa michezoni. Kwenye jimnastiki walikuwa asilimia 67, mpira wa kikapu 66, na gofu hakuna hata mmoja. Sweden, mwaka 2002, waliulizwa wasichana 35 wa kuruka trampolini, wastani wa umri miaka 15. Asilimia 80 walikuwa wanavuja mazoezini. Kwa ushahidi huu mzito napendekeza kamati iwahamishie wachezaji wote wa netiboli kwenye gofu. Uwanja upo pale Gymkhana, na gofu inachezwa kwa staha.

Pili, sera yenu inalinda mila. Nimeambiwa mara nyingi ofisini kwamba Mswahili hayataji mambo haya. Hapa hapa pwani, Mwenyekiti? Mwari wa pwani amekalishwa mkekani na somo yake akafundwa kila kilicho chini ya kitovu, kwa jina lake kamili, kwa wimbo, huku msondo unalia. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi wa unyago Zanzibar, na dunia ikampandisha ndege ili imsikilize. Bibi zetu walikuwa na mahali pa kulisemea jambo, watu wa kulisema na umri wa kulianza. Aibu hii haikutoka ngomani. Imetoka kwenye kikao cha wanaume tisa na mwanamke mmoja, ambaye ndiye anayeandika muhtasari.

Tatu, bajeti. Hapa nakiri kamati ina kazi ngumu, maana tiba ya kwanza inayopendekezwa haina kifaa cha kuagiza nje. Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani, aliandika kuhusu mazoezi ya misuli hii mwaka 1948. Mwaka 1999 Mnorwe Kari Bø na wenzake walilinganisha mazoezi hayo na tiba ya umeme, na vikoni vya kubana ukeni, na kutofanya lolote, mazoezi yakashinda. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika wanawake wanaovuja wakikohoa au kuruka, kati ya waliofanya mazoezi, walioripoti kupona walikuwa kama 56 kwa kila 100, na kati ya wasiofanya kama 6. Hao ni wanawake wa kawaida. Tafiti za wanamichezo wenyewe bado ni chache, jambo linaloonyesha kuwa kamati kama yenu ziko nchi nyingi.

Kinachohitajika ni mkeka. Niliwasilisha ombi la mkeka, nikaulizwa kama muuzaji anatoa risiti ya EFD.

Nawasihi lakini msikimbilie semina. Naiona tayari: siku mbili, chai na sambusa, fulana zimeandikwa BANA mgongoni. Mazoezi haya ni ya kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, na kwanza mtu afundishwe ni msuli upi anaubana, kwa sababu wengi wakiambiwa wabane huzuia pumzi na kukaza makalio, kisha wanadhani wamemaliza. Unabana na kuvuta juu, kama anayezuia ushuzi mbele ya wakwe; unashikilia sekunde kadhaa, unaachia kabisa, unarudia. Baadaye unajifunza kubana kabla tu ya kuruka, mpaka mwili uzoee kuwahi wenyewe.

Halafu wapo ambao shida yao ni kinyume. Misuli yao imekaza saa zote, haijui kuachia. Wana maumivu ya nyonga, mkojo unatoka kwa shida, ndani ya ndoa kuna machozi. Ukimwambia huyo abane zaidi umemzidishia. Yeye anafundishwa kupumua na kulegeza. Anayeweza kuwatofautisha hawa wawili ni mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea nyonga, kwa kumpima mtu faraghani na kwa ridhaa yake. Kwa huyo fulana haisaidii.

Kuhusu waliojifungua sitawachosha. Mwaka 2019 wataalamu wa fiziotherapia Uingereza walitoa mwongozo kwamba mama asirudi kukimbia kabla ya wiki 12, na kabla ya hapo apimwe. Kwetu arobaini ikitoka tu, simu ya katibu inaita: "Dada, unarudi lini?" Kisha Siku ya Wanawake mnaonyesha picha ya mkimbiaji Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018 na kuchukua dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na ukumbi unapiga makofi. Nami hupiga. Alichofanyiwa kati ya miaka hiyo miwili hakijawahi kuulizwa na mtu ukumbini.

Ombi langu ni mstari mmoja kwenye fomu: "Je, huvuja mkojo ukiruka, ukikimbia au ukikohoa?" Uulizwe na mwanamke, mlango ukiwa umefungwa, na atakayejibu "ndiyo" apewe rufaa kama anavyopewa mwenye goti. Najua fomu mpya lazima ipite kwenye kamati ndogo, kamati kubwa na mchapishaji, kwa hiyo sitegemei kuiona msimu huu.

Kwa sasa lipo la haraka. Jumamosi tunacheza saa kumi jioni, na choo cha uwanjani kina kufuli. Ufunguo anao katibu wenu, ambaye Jumamosi huwa hapatikani. Tunaomba auache kwa mlinzi wa geti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kocha wa netiboli, daraja la pili.

Nakala: Mlinzi wa geti.