Sifa za Kidakuzi

Siku ya soko hapa Tala utamsikia mchuuzi akizisifu nyanya zilizokwisha kulainika mpaka uone haya kuzikataa. Kama nyanya hizo zina msemaji, basi nami naomba ruhusa nimsemee mnyonge mwingine, anayelaaniwa kila siku na watu ambao hawajawahi hata kumwona: kidakuzi.

Kwa asiyekijua, kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha ndani ya simu au kompyuta yako unapoitembelea, ili ukirudi ikutambue. Ndicho kinachofanya ukurasa ukusimamishe mlangoni, hujasoma hata neno moja, ukuulize kama unakubali. Nawe, kwa kuwa una haraka, unakubali, kama mtu anayeitikia "amina" kabla dua haijafika katikati.

Tuanze na nasaba, maana sifa bila ukoo ni kelele. Kidakuzi kilizaliwa Marekani mwaka 1994, mikononi mwa Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape. Tovuti za siku zile zilikuwa na maradhi ya kusahau. Kila ukurasa uliofungua, seva ilikupokea upya kama mtu isiyemjua: umeweka bidhaa kikapuni, ukigeuka, kikapu hakina kitu wala hakina mwenyewe. Dawa aliyoipata Montulli ni kwamba mgeni apewe kijikaratasi, akitunze mwenyewe, na kila akirudi aje nacho.

Wenye vibanda vya kuchaji simu wanaijua mbinu hiyo. Unaacha simu asubuhi, mwenye kibanda anaandika 17 kwenye vipande viwili vya kartoni. Kimoja anakifunga kwa mpira kwenye simu yako, kingine anakupa. Jioni hakuulizi jina wala ukoo, anasema tu, "Namba?" Tofauti ni kwamba kartoni unairudisha na habari inaishia hapo. Kidakuzi unakwenda nacho nyumbani, unalala nacho, na kila unapokirudisha kwa mwenyewe unatumia bando lako. Ni mpelelezi gani mwingine aliyewahi kumshawishi mpelelezwa alibebe faili lake mwenyewe, tena kwa nauli yake?

Na faili lenyewe halina uzito. Kidakuzi kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 4096, maandishi ya kurasa chache tu za daftari la shule. Wazee wetu walibeba kizito zaidi. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza na ya kuondoka, vyote ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kilionekana, kiligongagonga kifuani, na aliyekivaa hakuweza kusahau kwamba amevishwa. Kidakuzi kina adabu ya kisasa. Hakigongi kifua cha mtu.

Jina lake pia ni sifa. Wenyewe waliokibuni walikiita biskuti, jina la kumbembeleza mtoto anyamaze. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili hawakutaka kutudanganya. Litamke neno kidakuzi polepole utawasikia jamaa zake wakikohoa nyuma ya mlango: mdaku, udaku, na mdakuzi, yule asimamaye chini ya dirisha la wenzake. Tumewekewa onyo ndani ya jina lenyewe, na bado tunabonyeza.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni kumbukumbu. Nenda katika ofisi ya wakili, mhasibu au mpima ardhi. Karani aliyekupokea Jumatatu, Alhamisi anakutazama kama umeshuka sasa hivi kutoka kwenye matatu ya Nairobi: "Mzee, tukusaidie na nini?" Katika tovuti ya ofisi hiyohiyo utatambuliwa kabla hujaketi. Kidakuzi cha kwanza hukushikia nafasi yako unapotoka ukurasa mmoja wa fomu ya miadi kwenda mwingine. Cha pili hukumbuka lugha uliyoichagua. Cha tatu huhesabu wageni, wameingilia wapi na wametokea wapi. Kile cha Google Analytics kiitwacho _ga kimepangiwa umri wa miaka 2. Kuna ndoa zilizofungwa kwa mahema na vipaza sauti ambazo hazikufika huko.

Cha nne hakikuletwa na wakili. Kimeletwa na mgeni wa wakili, kampuni ya matangazo iliyokaribishwa ukumbini, ambayo inakaa pia katika tovuti za mpira, za mapishi na za habari. Hiki ndicho kinachobeba fadhila ya pili, ukarimu, nami nina ushahidi wake nyumbani kwangu.

Baba yetu alituachia shamba: kahawa kidogo, miembe, na hati iliyobaki na jina lake kwa miaka 6 baada ya kumzika. Sisi watoto tulikuwa tumekubaliana bila kusema kwamba jambo hilo halisemwi. Usiku mmoja, wenzangu wamelala, nikafungua tovuti ya kampuni moja ya mawakili, ambayo sitaitaja. Ukurasa ukaniuliza kuhusu vidakuzi. Kitufe cha Kubali Vyote kilikuwa cha kijani na kipana kama mlango wa duka; neno la kukataa lilikuwa chini yake, la kijivu, jembamba, kama mtu aliyekuja kudai deni msibani. Nikabonyeza kijani. Nikasoma habari za mirathi, nikafunga simu, nikalala na siri yangu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yangu ilikuwa imeanza safari. Kuanzia asubuhi, kila ukurasa niliofungua ulikuwa na ploti: ploti Joska, ploti Malaa, ploti Kamulu, kana kwamba mabango yote ya barabara ya Kangundo yameng'olewa na kupandwa ndani ya simu yangu. Kati yao alikuwa wakili wa kampuni ile, amevaa tai, akitabasamu.

Jumapili kaka yangu mkubwa akaja kunywa chai. Simu yake ilikuwa imezima, akaomba yangu aangalie matokeo ya mpira. Akatazama kitambo. Kisha akainua macho, si kwa furaha ya mabao.

"Hawa wanaouliza kama ndugu hamkubaliani kuhusu shamba ni nani?"

"Ni matangazo tu, kaka."

"Matangazo. Mbona mimi yananiletea viatu?"

Swali hilo halikuwa na jibu la uongo. Nikasema kweli. Akanyamaza mpaka chai ikaweka utando juu, kisha akaniambia kwamba naye mwaka uliopita alikwenda kuuliza bei ya mpima ardhi, akaona haya kutuambia. Tukampigia dada yetu simu usiku uleule. Jambo lililomshinda mchungaji na wajomba watatu lilifunguliwa na maandishi ambayo hayajai hata kijitabu cha madeni. Sasa niambie, ni mpatanishi gani wa ukoo huu anayefanya kazi bila kuchinjiwa mbuzi?

Watakuwepo wa kupinga. Watasema wakili amefungwa mdomo na sheria: Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 134, inamkataza kutoboa aliyoambiwa na mteja bila mteja kuridhia. Ni kweli, na hapo ndipo utakapoiona akili ya kidakuzi. Mimi sikuwa nimemwambia wakili neno. Sikuwa mteja bado, nilikuwa mtu aliyesimama mlangoni usiku akisoma kibao. Kiapo cha wakili kinakaa ndani ya ofisi. Kidakuzi kinakaa mlangoni, na mlangoni ndipo mtu anapojulikana amekuja na shida gani. Anayesoma habari za talaka saa sita za usiku hahitaji kufungua kinywa.

Watataja pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nayo naiheshimu. Inasema ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mtu akijua anakubali nini; inamtwisha mwenye kukusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia; na inakupa haki ya kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Tuna hata Kamishna wa kuisimamia. Wafaransa walifika mbali zaidi: Januari 2022 mamlaka yao ya faragha ilitangaza kuitoza Google faini ya yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60, kwa sababu kukubali kulikuwa ni kubonyeza mara moja na kukataa kulikuwa ni safari. Hebu fikiria kosa lenye thamani hiyo, na lote limo katika hesabu ya mibonyezo. Mchuuzi wa Tala anayeweka nyanya nzuri juu ya zilizooza hajui anavyofanana na wakubwa.

Fadhila ya mwisho ni ustahimilivu. Kidakuzi cha wageni kina roho ya paka. Mwaka 2020 kivinjari cha Safari kilikifungia mlango kabisa. Mwaka huohuo Google ikatangaza kwamba ndani ya miaka 2 itakiondoa katika Chrome. Matanga yakaahirishwa, yakaahirishwa tena, na Julai 2024 Google ikasema maiti na ibaki hai. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa matangazo haujawahi kuwa mtupu.

Basi tulikwenda kwa wakili, mimi na kaka, lakini si yule wa tai. Tulimchagua wa hapahapa Tala, ghorofani, ambaye hana tovuti. Nilipanda nikijisifu kwamba safari hii hakuna kitakachonifuata nyumbani. Chini ya ngazi alikaa askari na meza. Juu ya meza kulikuwa na kauntabuku lililopigwa mistari kwa rula, na biro iliyofungwa kwa uzi. Jina. Namba ya kitambulisho. Simu. Unakwenda kwa nani. Sababu ya kuja. Mstari wa juu ya wangu ulinieleza, bila mimi kuuliza, kwamba mtu ninayemfahamu alikuwa amekuja asubuhi ile kuhusu talaka, na namba yake ya simu ilikuwa kando, imeandikwa vizuri.

Kwenye sababu nikaandika "binafsi". Askari akakigeuza kitabu, akasoma, akanirudishia.

"Mzee, binafsi haitoshi. Andika kamili."

Kaka akachukua biro, akaandika kwa herufi kubwa: SHAMBA LA BABA. Tukapanda. Tuliposhuka tulikuta watu wanne kwenye foleni, na wa kwanza alikuwa ameinamia kitabu, hajaanza kuandika, anasoma.

Hukumu yangu, msomaji, ni hii. Kidakuzi ni mdaku, sikatai, lakini ni mdaku anayepiga hodi. Chini ya kitufe kile kipana cha kijani pana neno jembamba la kijivu linalosema Kataa. Litafute, ulibonyeze, dunia haitaanguka. Kwenye kauntabuku la askari nimelitafuta kurasa zote, na halipo.